Cheti cha Miezi Tisa, Sehemu ya Nne: Mke Wangu Ataka Ushahidi

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, mimi ndiye yule msoma mita za maji aliyefutwa kazi na mita.

Miaka kumi na tisa nilikuwa kiguu na njia, nyumba kwa nyumba na daftari langu, huku nakimbizwa na mbwa, kule nakaribishwa chai. Kisha zikaletwa mita zinazojisoma zenyewe na kupeleka taarifa ofisini kwa mtandao. Nikapewa kiinua mgongo, kikombe chenye nembo ya idara, na mkono wa kwaheri.

Nimeshaeleza nilivyojiandikisha, na miaka yangu arobaini na saba, kusomea cheti cha kuandika programu za kompyuta katika chuo cha jamii kilicho nyuma ya posta. Miezi tisa, siku tatu kwa wiki, darasa moja na vijana wanaoniita Mzee Mita. Nimekiri pia uongo niliompa mke wangu: kwamba ada yote ililipwa na idara ya maji, kama zawadi ya kuniaga.

Haikulipwa na idara. Ilitoka kwenye kiinua mgongo, nami ndiye niliyeipeleka.

Uongo ule uliishi miezi minne bila kuugua. Ulikufa Jumanne moja, saa nne asubuhi, chini ya drayer.

Mke wangu ni msusi, na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna viti vitatu, kioo kirefu, sinki moja la kuoshea nywele na drayer moja ya kukaushia nywele inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Aliye chini ya drayer ile hasikii vizuri, kwa hiyo husema kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Asubuhi hiyo aliyekuwa chini yake ni mhasibu wa chuo chetu. Sikujua kama ni mteja wetu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nafanya zoezi la mwalimu kwenye kompyuta kuukuu niliyouziwa na karani mmoja, ile isiyokuwa na kitufe cha R, ambayo ukiitaka R unabonyeza shimo.

"Mumeo ni mtu wa maana," nikasikia sauti ikitangaza. "Wengine wanalipa ada vipande vipande, wanatuzungusha mpaka tunachoka. Yeye alikuja na fedha taslimu, zote, siku moja."

Nikainua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Alilipa yeye?" mke wangu akauliza.

"Eh?"

"Nasema, alilipa yeye, kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Risiti nilimwandikia mimi."

Nikatazama dirisha. Lina nondo.

Hakuja. Ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyonitesa. Alisuka mpaka mteja wa mwisho, akafagia nywele, akakunja mataulo, akafunga mlango wa barabarani. Nilisikia kila kitu, mpaka kitana kikiwekwa kwenye kikombe chake. Ndipo akaja, akavua aproni, akakaa kitandani mbele yangu.

"Risiti iko wapi?"

"Risiti gani?"

"Baba watoto."

"Iko ndani ya kiatu cheusi. Cha kushoto."

Akaitoa, akaisoma polepole kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Fedha ile tulikuwa tumeipangia kazi pamoja, meza moja, kalamu moja: sinki la pili la saluni, na mabati ya jikoni ambako mvua ikinyesha tunapika kwa mwavuli.

"Ulidhani nitakataa," akasema.

"Nilijua utakataa."

"Kweli, ningekataa. Halafu ungenibembeleza siku mbili, ningekubali. Sasa umeninyima hata hizo siku mbili."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa hiyo nikaacha.

"Naapa sitakudanganya tena," nikasema. "Kwa lolote."

"Hilo tutaliona." Akaikunja risiti, akaitia kifuani. "Nimeongea na mhasibu wenu wakati namtoa rola. Anayejitoa kabla ya mwisho wa mwezi anarudishiwa nusu ya ada. Mwisho wa mwezi ni Jumatatu ijayo, siyo hii, ile nyingine. Mpaka hapo niletee ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa mtu aliyesoma hicho cheti kikamfaa. Mtu mmoja, mzima, anayepumua. Sitaki picha."

Kusema kweli nilikuwa nimetegemea picha.

Kipeperushi cha chuo kina picha ya bwana mmoja mtanashati, tai nyekundu, kompyuta mbele yake, anatabasamu kama aliyepokea mshahara mara mbili. Chini yake wameandika: *Leo mwanafunzi, kesho mtaalamu.* Bwana yule ndiye aliyenitoa nyumbani. Siku za kukaa kibarazani nikihesabu wapita njia, nilikuwa namtazama yeye.

Jumatano nikamuuliza mwalimu wetu nitampata wapi. Mwalimu ni binti wa rika la kifungua mimba wetu, mpole, hufunga kilemba cha njano siku za mtihani.

Akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mzee, yule ni mlinzi wa getini."

"Alisoma hapa kwanza?"

"Hapana. Siku ya kupiga picha wanafunzi walikuwa likizo. Yeye ndiye aliyekuwa na tai."

Nikaenda getini. Kumbe kila siku nampita, ila kofia ya ulinzi inamfunika paji la uso. Tabasamu lilikuwa lile lile.

"Ndiyo mimi," akakiri. "Wengi wananifuata na shida zao za kompyuta. Nawaambia waizime, halafu waiwashe. Wanarudi kushukuru."

Nikamweleza mke wangu jioni ile bila kupunguza neno, maana nilikuwa nimeapa. Alikuwa anachambua mchele. Aliinamisha kichwa juu ya sinia, mabega yakawa yanatikisika, na punje nyingi nzuri zikatupwa pamoja na mawe.

"Endelea," akasema alipopata pumzi. "Ushahidi wa kwanza umepokelewa."

Mwalimu alinionea huruma, akanipa anwani mbili za watu waliohitimu kweli.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi bora wa mwaka juzi. Nilimkuta sokoni kwenye kibanda cha upana wa mlango, anauza makava ya simu na kubandika vioo. Cheti chake amekitia fremu, kinaning'inia katikati ya makava ya waridi.

"Nilipeleka maombi arobaini," akaniambia, huku anafuta kioo cha simu ya mtu. "Kila mahali wanataka uzoefu. Nikawauliza, uzoefu nitaupata wapi ikiwa hakuna anayenipa kazi? Bwana mmoja akasema hilo ni swali zuri, akanisindikiza mpaka mlangoni."

"Kwa hiyo hakijakusaidia kitu."

"Sijasema hivyo, mzee. Wateja wakikiona ukutani hawaombi punguzo. Wanadhani nimesomea vioo."

Nikatoka pale na kava jipya ambalo sikuwa na haja nalo.

"Kwa hiyo cheti kinauza makava," mke wangu akahitimisha nilipomsimulia. "Huyo wa pili nakwenda nawe."

"Una wateja Ijumaa."

"Wateja watasubiri. Wewe peke yako utarudi na kava jingine."

Akafunga saluni saa nane mchana, akavaa gauni lake la harusi za watu, tukaenda. Wa pili alikuwa mama wa makamo, miwani minene, ofisi yake iko ndani ya bohari la dawa, kati ya maboksi yaliyopangwa mpaka darini. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule miaka kumi na minne. Sasa ndiye anayeangalia programu inayowaambia dawa ipi inakaribia kuharibika na ipi imekwisha.

Nilitaka kuanza mimi. Mke wangu alishavuta kiti.

"Mwenzangu," akasema, "huyu ametoa akiba yetu yote akasome ulichosoma wewe. Nataka uniambie kama mtu anayemwambia dada yake. Cheti ndicho kilichokupa kazi hii?"

Yule mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Cheti nilikileta, wakakitia kwenye faili. Sijaona mtu akikitazama tena. Nilichowaonyesha ni kitu nilichokitengeneza nikiwa bado mpishi. Unaingiza idadi ya watoto waliofika shule siku hiyo, kinakuambia kilo za mchele na vikombe vya mafuta. Hapa walicheka kwanza. Halafu wakaniuliza naanza lini."

"Kumbe chuo hakikuhitajika."

"Nisingeweza kukitengeneza bila chuo. Lakini wenzangu tuliosoma darasa moja walimaliza mazoezi ya mwalimu wakasubiri cheti, na mpaka leo wanasubiri." Akairudisha miwani. "Na nisikufiche. Miezi ile nilinuniana na mume wangu karibu nihame chumba, watoto walikula viporo, na macho yangu yakaniachia miwani hii unayoiona. Ukipiga hesabu, usisahau hayo. Kwenye kipeperushi hawayaandiki."

"Kwenye kipeperushi wamemuweka mlinzi," mke wangu akasema.

"Bado yupo yule?"

Wakacheka wote wawili kama watu waliokulia ua mmoja, mimi nikiwa nimekaa katikati kama mzigo unaosubiri kupakiwa.

"Ungerudia?" mke wangu akamuuliza tukiwa tumeshasimama.

Yule mama alifikiri. Sikupenda alivyofikiri kwa muda mrefu.

"Ningerudia," akasema. "Ila safari hii ningemwambia mume wangu ukweli wa bei tangu siku ya kwanza."

Naomba mnisadiki, sikuwa nimemwambia neno mtu yule.

Tulirudi kwa miguu. Mke wangu alifungua mdomo tulipopita kiwanda cha mabati, pale palepale ambapo nilikuwa naomba asiseme.

"Na wewe umetengeneza nini mpaka sasa?"

"Nimetengeneza programu inayojumlisha namba mbili."

"Simu yangu inajumlisha. Nyingine?"

"Nimetengeneza inayokuuliza jina lako, ukiliandika inakusalimia."

"Inasemaje?"

"Inasema habari, inataja jina, halafu karibu."

Alitembea hatua kama kumi.

"Kwa hiyo tumetoa sinki la kuoshea nywele tukanunua salamu," akasema. "Mimi nakusalimia kila asubuhi na sijawahi kukutoza."

Nikaongeza mwendo. Kuna mambo mtu akijibu anajiongezea kifungo.

Tulipofika kona ya nyumbani akasimama. "Nitengenezee mimi kitu. Jumamosi wateja wananijia wote kwa mpigo, wanagombana zamu, watatu wanne wanachoka wanaondoka kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Nataka kila mtu apate meseji ya saa yake. Jumamosi ya wiki ijayo. Kikifanya kazi, soma mpaka mwisho, na sinki sitalitaja tena mpaka nizikwe. Kisipofanya kazi, Jumatatu unakwenda kwa mhasibu kuchukua nusu."

"Siku nane hazitoshi."

"Mimi nasuka kichwa kizima kwa nusu saa na mtoto wa watu analia. Siku nane zinatosha."

Basi nikajifungia na kompyuta yangu isiyo na R.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia hata yeye. Miaka yangu ya mita nilikuwa nasoma namba, naiandika, naondoka. Namba haikuwa yangu. Siku ya tatu ya kazi ile, nilipoingiza orodha ya wateja wa saluni nikabonyeza, yakatoka majina kumi na mawili yamepangana vizuri mistari kumi na miwili, kila moja na salamu yake, nilisimama nikazunguka kiti. Nikakaa. Nikasimama tena. Nilikuwa nimekifanya kitu ambacho jana yake hakikuwepo.

Mwalimu alinisaidia kuiunganisha na huduma ya kutuma meseji. Akaniambia, "Mzee, ijaribu kwa watu wengi kabla ya kuituma." Nikaijaribu kwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mimi. Nikapata meseji nzuri sana: nakaribishwa saluni, saa yangu ni saa tatu asubuhi.

Alhamisi jioni mke wangu aliniletea chai, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikadhani anasoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Unapiga mluzi," akasema.

"Nani, mimi?"

"Hujapiga mluzi tangu wakuachishe kazi. Mwaka mzima na ushee nimekaa na bubu." Akaweka kikombe. "Usivimbe kichwa. Wimbo wenyewe unaukosea."

Ijumaa nikabonyeza. Meseji kumi na mbili zikaondoka kufumba na kufumbua. Nikamwambia kesho atakaa kama malkia, wateja watamjia mmoja baada ya mwingine, kila nusu saa.

Jumamosi, saa tatu kasoro robo, nikiwa bado na kikombe mkononi, mlango ukabishwa. Mteja wa kwanza. Nikamtazama mke wangu kwa jicho la ushindi.

Ukabishwa tena. Nikasema huyu amewahi kidogo.

Wakaja watatu kwa pamoja. Kisha wanne. Kisha fundi cherehani wa mtaa wa pili na mama yake mzazi. Ilipofika saa tatu kamili chumba kilikuwa na wanawake kumi na mmoja, wa kumi na mbili yuko mlangoni hana pa kukanyaga, na kila mmoja ameinua simu yake kama wanaoonyesha kitambulisho.

"Mimi nimeandikiwa saa tatu."

"Hata mimi saa tatu, na jina langu hili hapa."

"Dada, hii ni saluni au mkutano?"

Nikakimbilia kompyuta, nikafungua ile programu, na kosa likanitazama usoni. Nilikuwa nimeiambia: anza na saa tatu, chukua mteja, mpe saa hiyo, ongeza nusu saa, nenda kwa anayefuata. Lakini ule mstari wa "anza na saa tatu" niliuweka ndani ya mzunguko badala ya kuuweka nje. Kwa hiyo kila ilipochukua mteja mpya ilianza upya na saa tatu. Ilitii kabisa. Kompyuta haina ule utu wa kukuuliza, mzee, una uhakika?

Niliporudi mke wangu alikuwa amesimama katikati ya wale wanawake, kitana mkononi. Nilijiandaa kwa lolote.

"Mabibi," akasema kwa utulivu, "mume wangu ndiye aliyewaalika, na yeye ndiye atakayewapokea. Baba watoto, chukua taulo. Utaosha vichwa."

Kikawa kicheko. Hata yule wa mlangoni alisogea ndani aone.

Nikaosha vichwa. Sinki moja, mtu mmoja baada ya mwingine, shati limelowa mpaka kwenye mkanda, masikio yangu yanasikia kila kinachosemwa kuhusu wanaume wanaosoma ukubwani. Mmoja akaniuliza kama maji nayasoma au namwagia tu. Mwingine akasema ana meseji yake bado, ataitunza, awaonyeshe wajukuu. Hakuna aliyeondoka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ndiyo Jumamosi ya kwanza ambayo hakuna aliyevuka barabara. Walikuwa hawataki kupitwa.

Kichwa cha saba kilikuwa cha muuguzi mkuu wa zahanati yetu, mama wa maneno machache ambaye hata madereva humwogopa. Alilaza shingo kwenye sinki, akafumba macho.

"Huu ujumbe ameuandika nani?"

"Mimi, sista. Naomba radhi."

"Umeandika jina langu sawasawa. Benki yenyewe ina miaka inalikosea."

"Ni programu, sista. Inachukua jina kwenye orodha."

"Uliwafikia wote kwa mara moja?"

"Kwa mara moja, na kwa saa ile ile moja. Ndilo tatizo."

"Hilo la saa linatengenezeka?"

"Ni kuhamisha mstari mmoja. Nimeshauhamisha."

Akafumbua macho. Povu lilikuwa limefika kwenye nyusi lakini hakujali.

"Pale kwangu wagonjwa wanafika saa kumi na mbili asubuhi. Wanakaa kwenye benchi mpaka saa nane, wengine wana vidonda, wengine wamebeba watoto wenye homa. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mmoja tunamwambia njoo asubuhi. Mimi nina kosa kama lako, ila langu lina miaka kumi na moja."

Nikasahau kuosha. Maji yalikuwa yanatiririka bure.

"Makao makuu wametutengea fungu la kumlipa mtu atupangie hilo," akaendelea. "Mwezi wa tatu huu natafuta. Wanaokuja wanaongea maneno makubwa, hakuna aliyewahi kunionyesha ujumbe umefika kwenye simu ya mtu. Barua yangu inaondoka Jumatatu. Nataka nikuandike wewe."

Mikono ya mke wangu ilikuwa imesimama kwenye kichwa cha fundi cherehani, vidole vimeshika msuko ambao haujamalizika.

"Kitu kimoja tu," muuguzi mkuu akasema. "Siyo mimi ninayekitaka, ni makao makuu. Lazima mtu awe na karatasi. Una cheti?"

Nilikuwa nimeapa. Siku kumi na moja nilikuwa nimekula ukweli asubuhi, mchana na jioni, nikaanza hata kuuzoea. Nikafungua mdomo niseme bado, sista, imebaki miezi mitano.

"Anacho," mke wangu akasema.

Hakugeuka. Alisema huku anaendelea kusuka, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kwamba mafuta yapo.

Nikamtazama kwenye kioo. Alinikwepa.

"Amekipata lini?" fundi cherehani akauliza kutoka chini ya mikono yake.

"Inamisha kichwa," akaambiwa. "Kiko sebuleni, sista. Tumekitundika ukutani, kwenye fremu."

Fremu. Mwanamke aliyekaa na risiti yangu kifuani siku kumi na moja alikuwa amenitundikia cheti, na hakuridhika mpaka akakitia fremu.

"Vizuri sana," muuguzi mkuu akasema. Akashika ukingo wa sinki, akajiinua, maji yakanimwagikia kwenye viatu. "Sebule si ndiyo hiyo hapo? Ngoja nikakione sasa hivi, nichukue na namba yake niende nayo. Jumatatu nina foleni."

Akavuta taulo begani mwangu, akajifunga kichwa, akasimama.

Ndipo mke wangu akageuka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa nimemwona ana hasira, ana furaha, ana uchungu wa kuzaa. Sijawahi kumwona hana neno. Alinitazama mimi, kitana kimetulia hewani, na mara ya kwanza tangu tuoane akawa anasubiri nimwambie la kufanya.

Muuguzi mkuu alikuwa ameshashika pazia la mlango wa sebuleni.